Choo cha kukalia kinachocheza: usikaze nati tena kabla ya kujua kilichoshindwa

Swali: Choo changu cha kukalia kimekuwa kikicheza kwa miezi kadhaa sasa. Mtu akikaa kinainama kidogo upande wa kushoto, akisimama kinarudi. Nimekwisha kukaza nati mbili zilizo chini yake mara mbili, na kila mara kinatulia kwa wiki chache kisha kinaanza upya. Bomba la uchafu halionekani nyuma. Linashuka sakafuni chini ya choo chenyewe. Hivi karibuni nimeona mstari mweusi wa unyevu katikati ya vigae, nyuma ya choo, na asubuhi nikifungua mlango nakutana na harufu mbaya. Rafiki yangu ananishauri nijaze saruji pembeni ili kishikwe moja kwa moja. Je, nifuate ushauri huo, na kazi hii naweza kuifanya mwenyewe?

Jibu: Saruji usiiweke, na spana nayo iweke kando kwa sasa. Kwa dalili ulizozitaja kwa pamoja, yaani kucheza, unyevu na harufu, choo chako hakihitaji kukazwa. Kinahitaji kuinuliwa, kukaguliwa chini, kuwekewa pete mpya ya kuziba na kurudishwa kikiwa kimekaa imara. Mtu mwenye subira na msaidizi mmoja anaweza kuimaliza kazi hiyo kwa nusu siku, isipokuwa pale itakapobainika kwamba bomba au sakafu yenyewe imeharibika, jambo nitakalolieleza mbele.

Ili uone kwa nini kukaza hakukukusaidia, yafaa kwanza ujue kilichofichika chini ya choo. Mwisho wa bomba la uchafu, pale linapotokeza sakafuni, huvalishwa flanji, yaani pete bapa ya plastiki au ya chuma iliyofungwa kwenye sakafu kwa skrubu. Bolti mbili husimama juu ya flanji hiyo, vichwa vyake vikiwa vimenasa katika mianya yake. Hupenya matundu mawili ya kitako cha choo, na juu yake ndipo zinapokaa washa na nati unazoziona ukiondoa vikofia vya plastiki. Kati ya flanji na mdomo wa choo huwekwa pete nene ya nta, ambayo uzito wa choo huibana hadi ikajaza kila uwazi. Pete hiyo ndiyo inayozuia maji machafu yasitambae chini ya vigae na hewa ya bomba isipande chumbani.

Nta ina tabia moja inayoamua karibu kila kitu katika jambo hili: ikishabanwa, hairudi. Choo kinapoinama upande wa kushoto huibana zaidi upande ule, na kinapoinuka huacha nafasi ambayo nta haina uwezo wa kuijaza tena. Miezi kadhaa ya kuinama na kuinuka imekwisha kuifungua njia, hata kama haionekani kwa macho, na ndiyo maana nakuambia kwamba hata ukifaulu leo kukituliza choo hicho kwa spana, pete iliyo chini itabaki imeharibika na unyevu utaendelea.

Jambo la pili, ambalo hata baadhi ya mafundi hulipuuza, ni kwamba kazi ya bolti ni kukizuia choo kisihame na kisiinuke mahali pake. Si kazi yake kukilazimisha kikae sawa mahali pasipo sawa. Choo kilichowekwa vizuri hukaa kimetulia hata kabla nati hazijafungwa. Chako kinainama kwa sababu upande mmoja hakijaegemea chochote, kama meza yenye mguu mmoja mfupi, na kila mtu anapokaa uzito wake wote huvuta bolti na flanji badala ya kushuka sakafuni. Nati hulegea, ukiikaza hutulia, kisha flanji au washa hulegea tena kidogo chini ya mvuto uleule. Huo ndio mzunguko ulioushuhudia mara mbili.

Kabla ya kuanza kufungua chochote, hakikisha kwamba kinachocheza ni kitako chenyewe. Shika bakuli kwa mikono miwili sehemu ya mbele na ulisukume taratibu kushoto na kulia, huku ukitazama ukingo wake wa chini unapokutana na vigae. Ikiwa ukingo huo hausogei na bado unahisi mchezo, basi tatizo liko juu: huenda ni kiti, ambacho bolti zake ziko nyuma ya bawaba na hukazwa kwa dakika chache, au ni tangi, ambalo limefungwa kwenye bakuli kwa bolti mbili au tatu zenye washa za mpira. Tangi linalocheza hukazwa kwa kupokezana kati ya bolti za pande zote, kidogo kidogo, hadi lipate kugusa kauri ya bakuli pale lilipotengenezewa kugusa. Na kama mpira mnene ulio katikati yao umekauka au umepasuka, hakuna kukaza kutakakoufufua, utabadilishwa tu. Nimeona watu wakivunja sakafu kwa sababu ya tangi lililolegea, kwa hiyo dakika hii moja ya kutazama usiiruke.

Kwa upande wako, maelezo kwamba kinainama mtu anapokaa yananielekeza kwenye kitako. Hata hivyo, zikague nati kwa mara ya mwisho, si kwa nia ya kuzikaza bali kwa nia ya kuzisikiliza. Ondoa vikofia, shika nati kwa spana na uizungushe polepole. Ikizunguka bila kikomo na bila kukaza, basi ama bolti inazunguka pamoja nayo kwa sababu kichwa chake kimechomoka kwenye mwanya, ama ukingo wa flanji ulioshika kichwa hicho umemeguka. Ikishika mara moja na kuwa ngumu, lakini choo bado kinainama, basi bolti na flanji ni nzima na kosa ni la sakafu isiyo sawa au flanji iliyokaa juu kupita kiasi. Na ikiwa bolti nzima inapanda juu unapovuta nati, jua kwamba flanji yenyewe imeachana na sakafu. Zote tatu zinahitaji choo kiinuliwe, lakini kujua mapema kutakusaidia kununua vifaa sahihi kabla maji hayajafungwa na nyumba haijakosa choo.

Sasa kuhusu unyevu na harufu. Usidhani kwamba kila maji yanayoonekana nyuma ya choo yametoka chini yake. Wakati wa joto na hewa nzito, tangi lililojaa maji baridi hutoa jasho linalochirizika hadi sakafuni. Koki iliyo ukutani na mpira unaopeleka maji kwenye tangi navyo huvuja mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Kausha kila mahali kwa kitambaa, kisha pitisha kipande cha karatasi nyepesi kwenye koki, kwenye maungio ya mpira na chini ya tangi. Karatasi huonyesha tone ambalo kidole hakilihisi. Baada ya hapo tia rangi ya chakula ndani ya bakuli, subiri kidogo, vuta maji mara mbili tatu huku msaidizi akikaa juu na kuhamisha uzito wake kushoto na kulia. Maji yenye rangi yakitokeza kwenye ukingo wa chini, shahidi amepatikana. Yakitokeza maji meupe, tafuta juu.

Harufu nayo ina jambo lake. Hewa ya bomba la uchafu hubeba haidrojeni salfaidi, ambayo kwa kiwango kidogo hunuka kama mayai viza, pamoja na methani isiyo na harufu. Unaisikia asubuhi kwa sababu chumba kimefungwa usiku kucha na hewa imejikusanya, wala si kwa sababu choo kinavuja zaidi usiku. Pua huzoea harufu hiyo haraka, kwa hiyo kutoisikia baada ya kukaa chumbani kwa dakika chache si dalili kwamba imekwisha. Lakini kabla ya kukilaumu choo peke yake, mwaga maji nusu ndoo kwenye tundu la sakafuni la bafu, kama lipo. Maji yanayotuama katika shingo ya kila bomba ndiyo yanayoziba hewa, na tundu lisilotumika mara kwa mara hukauka na kufungua njia ya harufu ileile.

Nirudi kwenye saruji, maana ushauri wa rafiki yako ni wa kawaida na unastahili kujibiwa kwa hoja. Saruji ikijazwa pembeni, maji yanayovuja kwenye nta hayataacha kuvuja. Yatakosa tu mahali pa kujitokeza, na yatatafuta njia chini ya vigae, ndani ya ukuta, au kwenye dari ya wanaoishi chini kama nyumba ni ya ghorofa. Halafu kauri na saruji havikubaliani: saruji haina mnyumbuko wowote, na sakafu ikitembea hata kidogo, kinachopasuka ni choo. Na siku utakapolazimika kukiondoa, utakivunja kwa nyundo na tindo, hata kama kilikuwa kizima. Wapo mafundi wanaotandika chini ya kitako tabaka jembamba la chokaa laini lenye saruji chache, choo kikiwa kimekwisha kuinuliwa na pete mpya imewekwa, ili kujaza mabonde ya sakafu iliyo mbaya sana. Hilo ni jambo tofauti na kumwaga saruji pembezoni mwa choo kinachovuja, na hata hilo mimi silipendelei, kwa kuwa kabari za plastiki na silikoni hufanya kazi ileile na huondolewa bila kuvunja kitu.

Basi tuingie kwenye kazi yenyewe. Vaa glovu, fungua dirisha, na kama ulimwaga dawa ya kusafishia choo siku hiyo, suuza kwanza kwa maji mengi. Usichanganye kamwe dawa yenye klorini na ile ya tindikali au yenye amonia, kwa sababu gesi inayotokea ndani ya chumba kidogo kama hicho ni sumu. Funga koki ya maji, vuta maji hadi tangi liishe, kisha kausha mabaki ya tangini na bakulini kwa sponji na ndoo. Fungua mpira wa maji. Kama tangi linatenganishwa na bakuli, litenganishe. Vyoo vingi vya aina hii huwa na uzito wa kilo 25 hadi 45, na mgongo wako utashukuru ukibeba nusu nusu. Fungua nati mbili za chini, na kama kutu imezishika, zikate kwa msumeno wa chuma badala ya kuzigongagonga, kwa kuwa kauri haitoi onyo kabla ya kupasuka.

Kata silikoni au kizibo chochote kilicho pembezoni kwa kisu chembamba, kisha tikisa bakuli kidogo ili nta iachie, na mliinue wima nyote wawili. Liwekeni juu ya magazeti au kitambaa kikuukuu mlichotandika mapema. Ziba mdomo wa bomba mara moja kwa kitambaa kikubwa kilichokunjwa, kwa sababu mbili: hewa isijae chumbani, na nati au kipande cha nta kisitumbukie ndani. Kitambaa kiwe kikubwa kiasi kwamba hakiwezi kuzama chenyewe, na mkumbuke kukiondoa. Hilo nalisema kwa sababu husahauliwa.

Kwangua nta yote ya zamani kwenye flanji na kwenye mdomo wa choo, ukitumia kipande cha plastiki kigumu, hadi pabaki pakavu na safi. Nta mpya haishiki vizuri juu ya nta chafu. Hapa ndipo ukaguzi wenye maana unapofanyika, na usiwe na haraka. Ipapase flanji kwa vidole pande zote: je, imeshikwa imara na skrubu, au inacheza? Ukingo uliozunguka mianya ya bolti ni mzima, au kuna kipande kilichomeguka? Pima pia urefu wake. Flanji inatakiwa ikae juu ya vigae, si chini yake, na uso wake uinuke takribani milimita 6 kutoka kwenye sakafu iliyokamilika. Mara nyingi sana chanzo cha choo kuvuja ni kwamba vigae vipya viliwekwa juu ya sakafu ya zamani, sakafu ikapanda, na flanji ikabaki chini kama kisima. Kama nyumba yako iliwahi kuwekewa vigae upya, anza kuishuku sababu hiyo.

Flanji iliyozama kidogo huinuliwa kwa pete za plastiki zinazopangwa juu yake, kila moja ikipakwa silikoni chini, na kufungwa kwa bolti ndefu zaidi. Watu wengine hupanga pete mbili za nta moja juu ya nyingine. Hufanya kazi kwa muda, lakini nta ya juu inaweza kuteleza na kuacha ufa, na mimi huona ni heri kuinua flanji yenyewe. Flanji iliyomeguka upande mmoja wa mwanya yaweza kuokolewa kwa kipande cha chuma cha pua kilichotengenezwa kwa ajili hiyo, ambacho huwekwa juu au chini ya sehemu iliyovunjika na kufungwa sakafuni. Lakini iliyooza kwa kutu pande zote, au iliyopasuka hadi kwenye bomba, hiyo ibadilishwe, na kama bomba ni la chuma cha zamani, mpe kazi hiyo fundi bomba. Kukata bomba lililo ndani ya zege bila uzoefu kunaweza kugeuza kazi ya nusu siku kuwa uchimbaji wa sakafu.

Ikiwa flanji ni nzima ila skrubu zake zimelegea, angalia zilikouma. Kwenye zege, skrubu hushikwa na plagi za plastiki zinazotumbukizwa kwenye tundu, na plagi iliyolegea haikazwi. Inatolewa, tundu linapanuliwa kidogo, vumbi linapulizwa lote nje, na plagi kubwa zaidi inaingizwa. Vumbi likibaki tunduni plagi haiumi, hata ukiigonga namna gani. Mkitoboa juu ya kigae, drili isiwekwe kwenye mpigo wa nyundo hadi ncha iwe imekwisha kupenya kigae na kuingia kwenye zege, na skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu au za shaba, kwa maana zile za kawaida huliwa na unyevu wa mahali hapo bila mtu kujua. Kabla ya kutoboa, jiridhishe kwamba hakuna bomba la maji wala waya uliopita chini.

Kwenye sakafu ya mbao mambo ni mengine. Chukua bisibisi na ubonyeze mbao zilizozunguka bomba. Ikiingia kama kwenye mkate, mbao zimeoza kwa uvujaji wa muda mrefu, na hakuna choo kitakachotulia juu yake; zikatwe hadi kufikia mbao ngumu, zibadilishwe, ndipo uendelee. Wewe una vigae, lakini vigae hutandikwa pia juu ya mbao, kwa hiyo piga chini kwa kisigino na usikilize.

Sasa jaribio ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalotenganisha kazi itakayodumu na ile utakayoirudia baada ya wiki chache. Rudisha bakuli juu ya flanji likiwa kavu, bila pete ya nta na bila nati. Lisukume. Ikiwa linacheza, hapo umeona kwa macho yako kilichokuwa kikikusumbua. Likiwa linakaa kwenye flanji na halifiki kwenye vigae, flanji iko juu mno na inabidi ishushwe, au kitako kiinuliwe pande zote kwa usawa. Likiwa linagusa vigae upande mmoja na kuachia mwingine, chukua kadi nyembamba ya plastiki na uipitishe chini ya ukingo kuzunguka kitako chote. Pale inapopenya bila kukwama ndipo penye uwazi. Ingiza kabari ya plastiki mahali hapo, upande mwembamba ukitangulia, hadi iguse na kukaa, bila kuigonga hadi ikainua choo upande wa pili. Mara nyingi kabari mbili au tatu zinatosha. Weka pima maji juu ya ukingo wa bakuli, kwa mbele na kwa ubavu, rekebisha, kisha ubandike kipande cha tepu sakafuni kando ya kila kabari na uchore mstari wa kitako kwa penseli. Kabari za mbao, vipande vya karatasi ngumu na magazeti yaliyokunjwa visitumike: vinaoza na kubonyea, na uwazi unarudi.

Baada ya hapo inua bakuli tena, acha kabari mahali pake ukizishika kwa tone la silikoni, toa kitambaa kwenye bomba, simamisha bolti mpya kwenye flanji na uweke pete. Kama unatumia nta, iwe na joto la kawaida la chumba, kwani iliyo baridi ni ngumu na haibanwi vizuri. Bakuli lishuke wima, bolti zikiingia kwenye matundu yake kwa mkupuo mmoja, na likishagusa nta lisiinuliwe tena. Ukiliinua hata kidogo, pete hiyo imekwisha na itabidi utie nyingine. Kwa sababu hiyo ninawashauri wanaofanya kazi hii kwa mara ya kwanza wachukue pete ya mpira badala ya nta. Ya mpira hustahimili kuinuliwa na kurudishwa, nayo hurudi katika umbo lake ikibanwa bila usawa. Ukitumia yoyote kati ya hizo, libonyeze bakuli kwa uzito wa mwili wako, ukikaa juu yake na kuegemea mbele, nyuma na pande zote kwa upole bila kulizungusha, hadi kitako kikutane na vigae na kabari.

Ndipo zije washa na nati. Kaza kwa vidole kwanza pande zote mbili, kisha kwa spana fupi, robo mzunguko kushoto, robo mzunguko kulia, ukipokezana. Spana ndefu inakupa nguvu ambayo kauri haiihitaji. Unapohisi nati imeshika na bakuli halisogei ukilisukuma, acha hapo. Choo kikicheza wakati nati imeshika, usijibu kwa spana. Rudi kwenye kabari. Zikate kabari sawasawa na ukingo wa kitako kwa kisu kikali, rudisha tangi na mpira wa maji, fungua koki, na uvute maji mara kadhaa huku ukipitisha karatasi kavu kuzunguka kitako.

Silikoni hupakwa mwisho, baada ya kuridhika kwamba hakuna tone. Paka mbele na ubavuni, uingie kidogo chini ya ukingo ili ujaze uwazi kati ya kabari, lakini nyuma acha sentimita 5 hivi bila kuziba. Wapo wanaoziba pande zote kwa ajili ya usafi, nami naelewa sababu yao; ila mwanya ule wa nyuma ndio utakaokuonyesha maji siku pete itakapochoka. Iache silikoni ikauke kwa saa 24 kabla ya choo kutumika, au kwa muda uliotajwa kwenye kifungashio chake.

Kwa wasomaji ambao bomba la choo chao linatoka nyuma na kuingia ukutani, hakuna nta wala flanji: kitako kimefungwa sakafuni kwa skrubu moja kwa moja, na bomba limeunganishwa kwa kiungo cha mpira. Kwao tatizo huwa mara nyingi ni plagi za sakafuni, na hutengenezwa kama nilivyoeleza, ilimradi kiungo cha nyuma kikaguliwe kama kimesogea au kupasuka kutokana na mtikisiko. Choo kinachoning'inia ukutani kikianza kucheza, kiacheni bila kukitumia hadi fundi atakapofika, kwa sababu uzito wote unabebwa na bolti mbili na fremu iliyo ndani ya ukuta, na kinapoanguka hakianguki taratibu.

Utakapokiinua choo chako, kigeuze na ukague kitako kwa mwanga wa tochi. Ukiona ufa wowote unaotoka kwenye tundu la bolti, hata mwembamba kama unywele, usikirudishe na usikigundishe. Kaza-kaza ya mara mbili uliyoifanya inaweza kuwa imeuanzisha, na kauri ikivunjika chini ya mtu hukata kama kisu. Hapo ni kununua kingine.

Mpaka utakapoipata nafasi ya kuifanya kazi hii, kitumie choo kingine kama kipo, maana kila anayekalia hiki anazidi kuipanua njia ya maji. Ukishakifunga, zikague nati baada ya wiki moja, kwani pete mpya hutulia kidogo na robo mzunguko yaweza kuhitajika. Bolti zilizozidi urefu zikate baada ya ukaguzi huo, si kabla. Ule mstari mweusi katikati ya vigae usugue sasa hivi kwa brashi na sabuni, uukaushe, na uupige picha. Ukirudi baada ya wiki mbili tatu ilhali kitako hakichezi na mwanya wa nyuma ni mkavu, maji hayo yanatoka kwenye bomba lililo ndani ya ukuta au chini ya sakafu, na anayestahili kuitwa ni fundi bomba.